Nyumba za Lamu Zinatazama Ndani: Maoni ya Mpiga Picha za Harusi Aliye Ughaibuni

Tangu nihamie kaskazini mwa Uingereza, riziki yangu imetokana na harusi za pwani ya Northumberland, hasa zinazofanyika katika ngome ya Bamburgh, iliyokaa juu ya jabali ikitazama bahari, na katika kisiwa cha Lindisfarne, ambako barabara ya kuvukia hufunikwa na maji mara mbili kwa siku. Wenzangu huona ratiba ya maji kuwa adha. Mimi niliyezaliwa Lamu, nikajua bamvua (maji makubwa ya bahari) na maji mafu (maji madogo) kabla ya kujua kusoma, huiona kama salamu kutoka kwetu.

Kwa upande wa mwanga, huku kuna neema ya kiangazi. Mwezi Juni jua huzama karibu saa nne kasorobo usiku, likishuka kwa mshazari, na rangi yake ya dhahabu hukaa kiasi cha kumtosha mpiga picha asiye na pupa. Kwetu, mwaka mzima, huzama baada ya saa kumi na mbili jioni, nalo hushuka wima kama jiwe lililoachiwa. Ukichelewa robo saa umekosa.

Hata hivyo, neema hiyo ina gharama yake. Katika harusi nyingi za huku, maharusi huwaacha wageni kwa zaidi ya saa nzima ili wakapigwe picha ufukweni. Siku moja niliporudi nao kutoka kwenye vilima vya mchanga, nilimkuta bibi yake bi harusi amekaa peke yake mezani, koti begani, akimngojea mjukuu wake. Picha zilikuwa nzuri sana, ila ndani yake walionekana watu wawili wasio na jamaa.

Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, husifiwa kwa vichochoro na milango ya nakshi, lakini nyumba zake zilijengwa zitazame ndani. Usiku wa kupamba, bi harusi anapoonyeshwa akiwa amepambwa, ni wa wanawake pekee: simu hukusanywa mlangoni, mpiga picha huwa mwanamke, na picha hubaki kwa wenyewe. Wako wanaoliona jambo hilo kuwa kikwazo cha sanaa. Mimi naamini ndilo lililonifundisha kazi. Mchana wa maandalizi, mwanga huingia kwa juu kupitia ua wa ndani, ambao Lamu tunauita kiwanda, hugonga kuta za matumbawe zilizopakwa chokaa, kisha hufika kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, ukiwa umelainika kuliko taa yoyote niliyowahi kununua. Katika mwanga huo nilipiga picha ninayoipenda kuliko zote: vidole vya nyanya vikifunga kikuba, yaani kishada kidogo cha maua, cha asmini, na chini yake mikono ya bi harusi yenye hina iliyokuwa haijakauka. Siwezi kumwonyesha mtu, na sioni kama nimepungukiwa.

Ndiyo maana huumia ninaporudi likizo na kuona mabibi harusi wakiburutwa hadi ufukweni kuiga mikao ya ughaibuni. Liliniuma zaidi tukio la mpiga picha mmoja aliyetangaza mtandaoni picha za kupamba za ndugu yangu bila kuomba ruhusa. Kama kuna la kuiga huku, ni mkataba: kabla ya kubonyeza kamera, huandikwa picha zitawekwa wapi na nani ataziona. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na picha ya mtu ni taarifa yake binafsi. Kwa hiyo makubaliano ya namna hiyo hayapingani na stara yetu, bali huipa nguvu.

Hivi karibuni bi harusi mmoja wa Shela, kijiji cha kisiwani Lamu, amenipigia simu. Sharti lake la kwanza ni kwamba nisije na msaidizi wa kiume, na la pili ni kwamba nisibaki na nakala hata moja. Nimeyakubali yote mawili, tena nimeyaandika kwa Kiswahili, ili mama yake naye ayasome kabla hatujatia sahihi.