Msiwakaririshe watoto "No sooner"

Juzi nilipitia daftari la mpwa wangu wa kidato cha nne nikakuta ukurasa mzima wa zile sentensi za Kiingereza za kuandika upya: anza na "No sooner", anza na "Hardly", anza na "Only when". Karibu zote amekosa, na pembeni hakuna hata neno moja la maelezo. Nilipomuuliza wamefundishwaje, akanijibu, "Mjomba, tuliambiwa tukariri." Imeniuma sana.

Wakariri nini? Kirai, yaani fungu la maneno, chenye kukanusha au kuweka mpaka kikitangulia, kitenzi kisaidizi (kama "had") kinapanda mbele ya kiima, yaani mtenda, na huko ndiko kugeuza: "Hardly had she sat down." Kisaidizi kisipokuwepo, "do" inaitwa: "Seldom does he call." Ni masalia ya Kiingereza cha kale, Kijerumani bado kinafanya hivyo, tena hata pasipo kukanusha.

Watoto wanaangukia kwenye sentensi yenye vishazi viwili, yaani vipande viwili, kila kimoja na kitenzi chake. Mpe "only when" na mvua iliyokatika, atageuza palepale: "Only when did the rain stop." Hajaambiwa kwamba "Only when the rain stopped" yote ni kipande kimoja kinachotaja wakati, na kwamba kinachogeuka ni kishazi huru, kile kiwezacho kusimama peke yake, kinachofuata: "did they leave." Chukua "Not until 1961 did Tanganyika become independent." Ondoa mwaka, weka kishazi kizima, "Not until the war ended", na bado "did" inasubiri upande wa pili. Sasa njoo kwa "No sooner had he arrived than the bus left." Hapa kinageuka kishazi cha kwanza, maana "no sooner" inakihusu kitenzi cha kishazi hichohicho. Mfundisheni mtoto kujiuliza: maneno haya ya mwanzo yanakihusu kitenzi kipi? Akilijua hilo, hata sentensi ya mistari minne ataifungua.

Nakubali, madarasa yamefurika na mtihani hausubiri. Lakini haya yote yanaenea kwenye nusu ya ubao.

Tena watoto wetu kugeuza wanakujua tangu nyumbani. Tunasema "Mlangoni pamesimama mgeni", mahali mbele, mgeni nyuma, sawasawa na "At the door stood a stranger." Mwalimu aanzie hapo. Na "Had I known" isimtishe mtu: "if" imeondoka, "had" imepanda mbele, na sharti linaeleweka, kama sisi tunavyosema "ningalijua" bila kuhitaji "kama".