Kipara cha Splendour

Kunyoa kipara mtaani kwetu ni buku mbili. Juzi nimeshakaa kwenye kiti, nimeshafungwa kitambaa shingoni, mashine inanguruma, nainua macho nakuta ubao wa bei umepakwa rangi upya. Palipokuwa na "Kipara 2,000" sasa pameandikwa "Splendour 5,000".

"Dogo, splendour ndiyo nini?"

"Huduma mpya hiyo, mzee."

Upya uko wapi? Mashine ni ile ile inayong'ata sikio, na kitaulo ni kile kile chenye harufu ya shingo ya mteja aliyetangulia! Nikamwambia azime kwanza. Nikampigia binti yangu, yuko kidato cha nne, afungue kamusi. Ada nalipa, na mimi nifaidi kidogo.

"Baba, ni fahari, utukufu, uzuri wa kutia macho kiwi. Asili yake Kilatini, splendere, maana yake kung'aa. Waingereza wamelipata kupitia Kifaransa."

Kung'aa! Hapo ndipo aliponichefua. Warumi walilitumia kwa mwanga wa moto na mng'ao wa dhahabu, baadaye ndiyo likapanda cheo hadi kwenye heshima za wakubwa. Sasa mle saluni kinang'aa nini? Taa inapepesa kama jicho la mdaiwa. Kioo kina ukungu tangu masika. Kitu pekee kinachong'aa ni utosi wangu, ambao ulijinyoa wenyewe zamani, dogo anahangaika na masalia ya kandoni tu. Yaani mwanga nimekuja nao mimi, halafu nilipishwe mimi!

Binti hajamaliza. "Ila Baba, Wamarekani wanaandika bila U. Kuna mtunga kamusi, Noah Webster, kamusi yake ya 1828 ina splendor, honor na color, zote hazina U."

Kumbe mwenzetu naye alikuwa kinyozi. Nikakata simu.

"Dogo, futa hiyo U, uninyoe ya Kimarekani, unirudishie bei yangu ya buku mbili."

Akapuliza vinywele kwenye mashine, wala haraka hana. "Ya Kimarekani ipo, mzee. Ila hiyo tunapokea dola."

Nilitaka kuinuka niondoke, wallahi. Nikajitazama kwenye kile kioo cha ukungu: upande wa kushoto umeshakwisha, wa kulia bado.

Nikamwambia awashe mashine.