Mgongo wa mkulima na kifurushi cha vipindi kumi

Minada ya korosho ikifunguliwa tu, nao wauza tiba za mgongo wanatua. Sijui nani huwapigia simu. Mkulima wa Tandahimba hajamaliza kusoma meseji ya benki, tayari gari la matangazo linazunguka na spika mbili juu: mgongo, shingo, kiuno, ganzi ya miguu, nguvu za kiume (hii haikosekani), vyote vinaisha kwa "tiba pacha". Unanyooshwa uti wa mgongo kwa mikono, halafu unachomwa sindano za Kichina, siku hiyo hiyo, kitanda hicho hicho. Vipindi kumi. Unalipia vyote mwanzoni, na ukilipa leo unapunguziwa.

Shangazi yangu amelipa. Kwa hiyo leo mnivumilie.

Sina ugomvi na sindano, wala na kunyooshwa. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima, na tiba zote mbili zimo, kwa masharti, pamoja na mazoezi, kuchuliwa na kumwelimisha mgonjwa. Miongoni mwa walivyovikataa ni mikanda ya kiuno, ile ile ambayo hapa Mtwara inauzwa hadi kwenye meza za chaja za simu. Marekani, chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani kilizikubali zote mbili mwaka 2017. Uingereza, mwongozo wao wa 2016 ukasema sindano kwa ajili ya kiuno msiwape watu kabisa. Wataalamu wenyewe bado wanavutana, na hao walioziruhusu wanakiri kwamba ushahidi ni dhaifu. Na huo ni ushahidi wa kila tiba peke yake. Wa kuziunganisha ni mwembamba zaidi. Ila spika ya kwenye gari haina shaka hata chembe.

Kuna utafiti wa Ujerumani wa 2007 ninaoupenda kwa sababu unaudhi pande zote. Wagonjwa 1,162 wa kiuno. Kundi la kwanza lilichomwa sindano kwa utaratibu wa Kichina, la pili likachomwa juujuu mahali pasipo na maana yoyote kwa utaratibu huo, la tatu likapewa matibabu ya kawaida ya dawa na mazoezi. Baada ya miezi sita waliopata nafuu walikuwa karibu 48 kwa kila 100 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 27 katika la tatu. Yaani sindano ichomwe penyewe au pembeni, tofauti ni ndogo, lakini makundi yote mawili yaliwapita wa hospitali kwa mbali. Nakubali, shingo upande, na shingo yenyewe haijanyooshwa na mtu.

Sababu naihisi. Hospitali umepanga foleni tangu alfajiri, unaingia, daktari hajainua macho, unatoka na diklofenaki na ushauri wa "punguza kazi". Apunguze ipi? Mikorosho haipalilii yenyewe. Korosho haijiokoti, unainama tangu umande haujakauka, unatenganisha na bibo, unasogea mti wa pili. Halafu anatokea kijana mwenye koti jeupe anamlaza, anamuuliza "mama, inauma wapi?", anamgusa palepale, anakaa naye nusu saa. Hata mimi ningepona kidogo.

Kinachonichefua ni hicho kifurushi. Kimetengenezwa kama cha intaneti, nacho kina tarehe ya kuisha. Nani amejua kwamba mgongo wa shangazi unahitaji vipindi kumi kabla hajaugusa? Kwa nini isiwe vitatu, au sifuri? Maumivu mengi ya mgongo yanayoanza ghafla hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Panga vipindi kumi ndani ya wiki hizo na sifa zote ni zako. Akipata nafuu, hajui imetoka kwenye mikono au kwenye sindano, kwa hiyo ataendelea kulipia vyote viwili. Akizidiwa, hajui amlaumu nani. Na akitaka kuacha, hela imeshaondoka, basi anarudi tu kwa uchungu wa hela yake, mgongo unauma vilevile.

Na kabla ya kulazwa hakuulizwa kitu. Kitu! Hakuulizwa kama ana homa za jioni au amepungua uzito, na kifua kikuu cha uti wa mgongo kipo, si hadithi. Kama miguu inakosa nguvu, kama mkojo unatoka bila taarifa, kama aliwahi kuanguka na bodaboda. Mtu mwenye dalili hizo hanyooshwi. Anapelekwa hospitali ya Ligula, au ile ya kanda kule Mitengo, tena upesi. Mama mtu mzima mifupa yake huenda imeshadhoofika. Unamkunja ili iweje? Shingo ndiyo usiseme: ndani ya mifupa yake kunapita mishipa ya damu ya kwenda kwenye ubongo, na kuzungushwa kwa ghafla kumewahi kuhusishwa na mishipa hiyo kuchanika na mtu kupata kiharusi. Ni nadra, najua. Mwambie hivyo aliyepooza.

Sindano zifunguliwe mbele yako, zitumike mara moja, zitupwe. Hili halina mjadala.

Kujisifu kwamba unaponya kila kitu, kwa kweli, hakukuanzia Chikongola, hapa Mtwara mjini. Palmer, mwasisi wa kiropraktiki, yaani hiyo tiba ya kunyoosha uti wa mgongo kwa mikono, kule Davenport, Iowa, Marekani, mwaka 1895, alianza kwa kudai amemrudishia usikivu mfanya usafi kwa kumsukuma mfupa wa mgongo. Spika za gari tu ndizo hazikuwepo.

Mazoezi, ambayo kila mwongozo niliousoma unayataka, kwenye kifurushi hayamo. Kutembea hakuuziki. Kumfundisha shangazi abadilishe mkao, apumzike kila baada ya miti kadhaa, asilale kitandani siku nzima kwa kuogopa, ni maongezi ya dakika kumi yasiyo na risiti. Na tukitaja risiti: tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, Namba 23 ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili watoa huduma na vituo vyao. Cheti hubandikwa ukutani. Pale ukutani kuna picha ya uti wa mgongo na kalenda.

Nimewapigia mapokezi kuuliza kama hela ya vipindi vilivyobaki inarudi. Binti kanijibu kwa upole sana kwamba hairudi, ila vipindi vinaweza kuhamishiwa kwa ndugu. Vizuri. Ndugu ni mimi, vihamishiwe kwangu, na kabla sijavua viatu yule kijana anionyeshe cheti, halafu anieleze hiyo kumi aliitoa wapi.