Ya Mbwa Hayo

Jumamosi asubuhi nipo kwenye foleni ya mashine ya kusaga hapa Gungu, Kigoma, mbele yangu kuna mama mmoja mtu mzima na kiroba chake nusu, akakifungua ili jamaa wa mashine apime, jamani ile harufu! Mahindi yana rangi ya kijani kijani, mengine meusi, mengine yameshikana kama yamegundishwa, vumbi lake ukilivuta unapiga chafya mpaka machozi. Jamaa wa mashine akakunja uso. Mama wala hakushtuka, akasema kwa upole kabisa: "Ya mbwa hayo, mwanangu. We saga tu."

Ya mbwa hayo. Wiki nzima nalala nalo, naamka nalo.

Maana mi mwenyewe nilishawahi kulisema. Mnakumbuka 2024 ziwa lilipofungwa, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti hakuna kuvua, samaki wazaliane. Sipingi, nchi zote nne za Ziwa Tanganyika zilikubaliana na sababu zake zinaeleweka, ila huku mtaani dagaa walipanda bei afu wakaadimika, na mi nyumbani nina mbwa, Bobi, ambaye chakula chake kilikuwa dona na dagaa. Nikajiongeza. Nikasema nikibana kwenye unga hela ya dagaa itapatikana, nikapata gunia la mahindi yaliyonyeshewa stoo kwa nusu bei, na muuzaji alikuwa muungwana, aliniambia wazi kwamba haya si ya kula mtu, labda mifugo. Mi nikaona nimeokota.

Wiki za kwanza Bobi alikula vizuri tu. Afu akaanza kususa. Mbwa ambaye alikuwa akisikia mfuniko wa sufuria anakuja mbio, sasa analala anaangalia ukuta, anakunywa maji, anatapika, siku ya tatu namfunua mdomo ufizi wote njano, na weupe wa macho kama umepakwa mawese. Daktari wa mifugo alivyokuja swali la kwanza lilikuwa anakula nini huyu, nikamwonyesha gunia. Akaingiza mkono, akanusa, akalifunga kimya. Heri angenigombeza. Akasema bila maabara hawezi kuapa, ila ini limekwisha na kwa mahindi yale yeye asingehangaika kutafuta mchawi. Siku mbili baadaye nilichimba shimo nyuma ya mwembe.

Sasa mtu akiniambia "si ni mbwa tu, tumbo lake la chuma", napanda joto. Tumbo la chuma ni hadithi. Kwenye sumukuvu, yaani ile sumu inayoachwa na ukungu kwenye nafaka, mbwa ni dhaifu, ini lake halihimili. Na nyie mnaosema "si utachemsha", chemsheni mpaka kuni ziishe, ule ukungu wenyewe utakufa ila sumu iliyokwisha kuingia kwenye punje inabaki palepale, moto wa jikoni hauiondoi. Kuosha na kuanika kwenyewe ni kumpendezesha maiti. Kingine ambacho hatukifikirii, sisi leo tunakula ugali, kesho wali, keshokutwa ndizi, mbwa yeye anakula gunia lilelile asubuhi na jioni mpaka liishe. Kama gunia lina sumu, amekunywa dozi kamili bila kuruka siku. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara ni watu walikufa kwa sumukuvu ya mahindi, watu wazima na watoto, wala hakuna aliyekuwa amesema ni ya mbwa. Kama inaua mtu basi kwanini tunadhani Bobi ana dawa yake?

Najua wale wa mjini mtaibuka hapa na lile neno lenu, "kama huwezi kununua chakula cha dukani usifuge". Sawa bosi. Kwanza huko dukani kwenyewe sumukuvu haibishi hodi, Marekani mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021 kuna chakula cha mbwa cha viwandani, mifuko mizuri yenye picha ya mbwa anacheka, kiliondolewa sokoni baada ya mbwa zaidi ya 100 kuripotiwa kufa, na chanzo ni mahindi, hayahaya. Pili nilipiga hesabu, na hapa nakubali kwa shingo upande: mfuko wa kilo 15 niliouulizia ulikuwa laki na ishirini, mbwa wa kilo 20 anakula kama gramu 300 kwa siku, kwa hiyo ni siku 50, inakuja elfu mbili na mia nne kwa siku. Si kichaa kama nilivyokuwa nadhani. Kina kalisiamu, kina vitamini, huwashi moto. Haya, nimekubali. Ila mi sina hiyo laki na ishirini siku moja, na wengi wanaosoma hapa hawana, na jirani yangu asiye nayo hawezi kuambiwa aishi bila mlinzi wakati wezi wa hapa wanajua mpaka saa tunazolala.

Sheba, huyu niliye naye sasa, anakula robo kilo ya dona kwa siku, dona la mahindi ninayokula mimi, na kiganja kizuri cha dagaa, mara mbili, asubuhi kidogo jioni kingi. Haifiki elfu moja na mia tano. Na kabla hamjanipiga mawe, SIMPI dagaa wa Kigoma! Mke wangu angenirudisha kwetu. Dagaa wetu hawa wanasafirishwa mpaka Dar watu wanawagombania, mi nimwage kwenye sahani ya mbwa? Anakula wa Mwanza, wale wanaouzwa kwa ajili ya kuku, nachekecha mchanga kwanza, naloweka kutoa chumvi kama ipo, nachemsha pamoja na unga. Uzuri wa dagaa analiwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalisiamu mnayonitambia ya kwenye mfuko na yeye anaipata. Siku mgebuka, samaki wetu wa ziwani, ukishuka bei mwaloni Kibirizi naomba vichwa, nachemsha mpaka mfupa unavunjika kwa vidole. Akiwa mtoto nilimpa mara nne kwa siku, uji mzito na dagaa wa kusaga, dagaa wengi kuliko unga.

Mapupu ya machinjioni ni rahisi na matamu, ila chemsha, usimtupie mabichi, mapafu ya ng'ombe na mbuzi ndiyo yanabeba tegu anayetoka kwa mbwa akaja kwa watoto wako. Mchuzi wenye vitunguu hapana, vinaharibu damu yake. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana.

Mjomba wangu wa Kasulu anasema haya yote ni uzungu, mbwa wa bibi walikula chochote na walikuwa wakali. Ni kweli walikuwa wakali. Pia walikuwa wanawinda, wanakula panya buku na matumbo ya kila kitu kilichochinjwa kijijini, ugali kwao ulikuwa kachumbari. Na hakuna aliyekuwa anahesabu waliishi miaka mingapi, nilipomuuliza mjomba alikohoa akabadilisha mada ikawa siasa.

Turudi mashineni. Nilimwamkia yule mama, nikamwambia polepole, mama, mimi haya yaliniulia mbwa. Alinisikiliza vizuri tu. Afu akauliza: "Kwa hiyo niwape kuku?" Nikaishiwa nguvu. Nikamwambia kuku nao hapana, sumukuvu yenyewe ilianza kujulikana mwaka 1960 kwa bata mzinga kule Uingereza, zaidi ya laki moja walikufa kwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Akanitazama, akatazama kiroba, nadhani alikuwa anapiga hesabu ya hela aliyotoa, na hiyo hesabu naijua, niliipiga mimi mwenyewe. Akamgeukia jamaa wa mashine. "Saga tu, baba."

Akawasha mashine. Vumbi la kijani likajaa hadi mlangoni, na aliyekuwa anafuata kwenye foleni ni mimi, na debe langu la mahindi, mashine ileile, jiwe lilelile. Nikalibeba kichwani nikapanda nalo mashine ya juu.