Tusomeeni na ya Kwenu

Kuna ujasiri ambao mimi sikujaliwa. Kuchapisha mfano wa hundi wenye upana wa mlango, kuupakia kwenye gari mpaka kijiji kimoja cha Chamwino, kupiga nao picha na mwenyekiti, halafu ukiulizwa hizo fedha zitatumikaje unajibu: "Hayo ni mambo ya ofisini, mzee wangu."

Shirika lenyewe ni letu, la hapahapa Dodoma. Silitaji, maana wenzake wengi wangejibu vilevile. Linachangisha kwa wafadhili wa nje, makanisani na kwa wafanyabiashara wa mjini, kisha linagawa: nauli za wagonjwa, mafunzo ya vikundi vya kuweka na kukopa, na nyongeza ya chakula cha mchana shuleni. Siku hiyo zamu ilikuwa ya chakula.

Kabla wageni hawajapewa nafasi, kamati ya shule ilifungua daftari. Mnakumbuka elimu bila malipo ilipoanza 2016, chakula cha mchana kilibaki mikononi mwa wazazi. Basi yakasomwa majina ya wanaodaiwa, moja baada ya jingine. Mama mmoja akasimama na mtoto mgongoni kueleza kwamba uwele wake uliliwa na kweleakwelea, debe analodaiwa hajui atalitoa wapi. Watu wakacheka. Akaambiwa Jumatatu isipite.

Dakika chache baadaye mratibu wa shirika anashika kipaza sauti, anasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", makofi kibao, mamilioni yanatajwa kwa jumla. Mzee mmoja akauliza: ni magunia mangapi, yamenunuliwa wapi, kwa bei gani? Jibu mnalo hapo juu. Mtendaji akamwomba mzee aketi, ratiba imebana.

Sasa niambieni. Debe la mama wa watu linasomwa hadharani, kwa jina lake, mbele ya wakwe zake. Mamilioni yaliyoombwa kwa jina la mwanawe ni siri ya ofisini?

Serikali ya kijiji, pamoja na madudu yake yote, inatakiwa isome mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu kila miezi mitatu. Ikikwepa, tunajua pa kuibana. Shirika linapeleka taarifa kwa mfadhili na kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, basi. Najua, Kanuni za 2018 zinalitaka shirika linalopata zaidi ya shilingi milioni 20 liutangazie umma fedha zake, na magazetini pia. Magazetini! Kule kijijini gazeti linafika likiwa limefungiwa maandazi.

Nimewahi kumwambia haya rafiki yangu anayefanya kazi kwenye asasi. Akasema wanakijiji wakijua kiasi kilichoingia watadai posho. Watadai, ndiyo. Semina za hotelini hapa mjini ndizo zilizowafundisha.

Haya, nikubali la kukubali. Bila shirika hili, ile Februari ambayo maghala yamebaki vumbi na mahindi mapya bado yako shambani, watoto wangeshinda darasani na maji ya kunywa tu. Yule mratibu namwona na pikipiki yake anavyozunguka kumkutanisha mwalimu mkuu, mganga wa zahanati na afisa maendeleo ya jamii wa kata, watu ambao ofisi zao zinatazamana na hawajawahi kukaa meza moja. Hiyo ni kazi, na hailipwi vizuri. Sijasema wanaiba.

Ila usiri una gharama, na anayeilipa si mkurugenzi. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, miradi mingi ilisimama ghafla. Kwenye kijiji ninachokifahamu, watu waliona tu mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapiti tena majumbani. Wakahitimisha kwamba amekula hela. Binti wa watu, aliyekuwa akilipwa posho na mradi ambao hakuna aliyewahi kuelezwa ni wa nani na unaisha lini, akawa anapita njia za pembeni kwenda kisimani. Karatasi moja tu ya mapato na matumizi, ikisomwa kwa Kiswahili cha kawaida, ingemwokoa.

Wala sidai makubwa. Hatutaki namba ya akaunti wala mishahara ya watu. Kiasi kilichokuja, kilichobaki mjini, kilichofika, na mwisho wa mradi. Dakika kumi, baada ya mwenyekiti kusoma ya kwake.

Na bei ya gunia itajwe pale. Mzee aliyeketishwa anauza mahindi soko la Kibaigwa; bei ya wiki hiyo anayo kichwani, na nauli ya fuso kutoka Kibaigwa mpaka pale shuleni anaijua kwa sababu huwa anailipa. Inawezekana kabisa shirika lilinunua ghali bila kujua, na yeye angewaonyesha pa kupata magunia zaidi kwa fedha ileile. Lakini alishaambiwa ratiba imebana.