Ile Video ya Side Haijaeleza Yote

Naombeni utulivu. Wale mliorushiwa ile video na Side, mwenzangu wa karakana, wale mliotumiwa na shangazi zenu huko Tanga, na wewe uliyeniandikia usiku "hongera kwa medali", sogeeni hapa. Video ina sekunde chache tu, na inaanzia pale ambapo mambo yameshaharibika. Side anatangaza kwamba nilivua suruali kumkaribisha mteja. Sikuvua. Nilivuliwa, na aliyenivua ni kidumu cha mchanga.

Tumlaumu Simbu kwanza. Juzi, Septemba hii ya 2025, Alphonce Simbu kabeba dhahabu ya marathoni kule Tokyo, dhahabu ya kwanza kabisa ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Mjerumani Amanal Petros wameandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Hata kupiga chafya huwahi. Tangu hapo mtaa mzima umekuwa wa wataalamu wa riadha. Muuza mihogo anachambua jinsi ya kumaliza mbio. Na mimi sikutaka kubaki nyuma, kwa sababu mimi, tofauti na wao, niliwahi kurusha tufe shuleni nikafika ngazi ya kata. Ya kata, ndiyo. Anayecheka aoneshe cheti chake.

Basi jana alasiri karakana yetu ya kuchomelea ilikuwa imepoa. Geti la Hajjat, mteja wetu, tumelipaka rangi ya mwisho, nyeusi inayong'aa, limeegemezwa ukutani likauke. Bosi katoka. Kwenye kopo la rangi imeegemezwa simu ya Onyango, dereva Mkenya aliyetuletea vyuma, ambaye alikataa kabisa kuwasha gari kabla hajamwona Faith Kipyegon kwenye fainali ya mita 1500. Ila Faith alikuwa baadaye. Kabla yake walikuwa wanarusha nyundo wanaume, fainali.

Pale ndipo mdomo wangu ulipoanza kazi.

Nikawaeleza kwamba ile si nyundo ya kugongea misumari, ni tufe la chuma lililofungwa waya wenye mshikio, jumla kilo 7.26. Kwamba mtu anasimama kwenye duara lenye upana wa mita 2.135, pungufu ya geti la Hajjat, na humo humo azunguke bila kutoka. Kwamba rekodi ya dunia ni mita 86.74, ya Yuriy Sedykh wa Muungano wa Kisovieti, aliirusha Stuttgart mwaka 1986 na hadi leo haijaguswa, na wakati wenzake wengi wanazunguka mara nne, yeye alikuwa anazunguka mara tatu tu. Nikawaambia na Wajapani wana mtu wao, Koji Murofushi, bingwa wa Olimpiki wa Athens 2004, ndiyo maana uwanja ule unaelewa nyundo. Onyango naye akadakia kwamba yule Kokhan wa Ukraine waliyekuwa wanamwonesha alishakuja kwao Nairobi, uwanja wa Kasarani, mwaka 2017, mashindano ya dunia ya vijana, akaondoka na dhahabu. Nikaitikia kwa kichwa kama vile nilikuwepo.

Halafu akaingia Mkanada. Ethan Katzberg. Kijana wa 2002, mrefu, masharubu, nywele zimeachiwa nyuma, na wala hana mwili wa kubeba magunia. Ndiye bingwa wa Olimpiki wa Paris. Akazunguka, akaachia, akapiga ukelele, na chuma kikaenda mita 84.70. Rekodi ya mashindano ya dunia.

Side akasema, "Huyu mbona mwembamba kama wewe?"

Mngekaa kimya nyie? Semeni ukweli.

Nikasema, "Nguvu siyo kitu pale. Ni ufundi. Hata mimi naweza."

Vifaa vilipatikana haraka mno, na hilo pekee lilipaswa kunishtua. Kidumu cha lita 5 kilichojaa mchanga, kile ambacho dada wa miamala hapo jirani hukifungia mwavuli wake usipeperuke. Kamba ya manila. Glavu ya kuchomelea mkono wa kushoto, kwa sababu hata wale wa Tokyo huvaa glavu mkono wa kushoto, nenda kaangalie. Side akashika tepu, akapima duara, akalichora kwa chaki kwenye sakafu. Onyango akasogeza grili mbili zikawa kizimba. Kikabaki kitu kimoja: mshikio. Kamba ilikuwa inakata viganja.

"Tumia mkanda," akasema Side.

Suruali niliyovaa ni ya kaka yangu. Kaka yangu ana tumbo. Mmeshaanza kuelewa, lakini subirini, msikimbilie mwisho.

Nikachomoa mkanda, nikaupitisha kwenye kamba, nikaufunga kitanzi. Suruali nikaikunja kiunoni mara mbili, ikatulia. Nikaingia kwenye duara, mgongo nimeuelekezea kiwanja, kama wanavyofanya. Side akanyanyua simu. Alisema anapiga picha tu.

Unaanza kwa kuzungusha juu ya kichwa, miguu imesimama. Mzunguko wa kwanza safi. Wa pili safi, kidumu kinavuma, nikasikia Onyango akisema "aisee". Hiyo "aisee" ndiyo iliyoniponza. Nikaingia kwenye kuzunguka mwenyewe, kisigino cha kushoto, mguu wa kulia unafuata, mwili umeegemea nyuma kushindana na mzigo. Na jamani, mzigo unavuta. Kile kidumu nakibebaga kila jioni kwa mkono mmoja, lakini kikishapata mwendo kinakuvuta kana kwamba kimekudai.

Ukiwa unazunguka huoni dunia, unaona vipande. Kipande cha kwanza: Side na simu. Cha pili: Onyango. Cha tatu: geti jeusi. Cha nne: barabarani bajaji imesimama.

Raundi ya pili. Side, kacheka. Onyango, kasogea nyuma. Geti. Na kwenye bajaji anashuka Hajjat, kanzu nyeupe, mkoba kwapani, anamlipa dereva. Nikahisi ile mikunjo miwili ya kiunoni inafunguka, mmoja, halafu mwenzake.

Hapa akili ya mtu mzima inasema achia. Tatizo, ukiachia kwenye kipande cha nne unamuua Hajjat. Kipande cha kwanza unamuua Side, na sitaki kuficha kwamba hilo nililifikiria. Mahali pa kuachia panakuja na kupita kabla hujaamua. Kwa hiyo nikaendelea. Suruali ikafika mapajani.

Raundi ya tatu. Side amepiga magoti kwa kicheko lakini simu iko juu, imara, mkono hautikisiki. Onyango kajificha nyuma ya grili. Geti. Hajjat kaingia uani, kasimama, mdomo wazi, akijaribu kuelewa ni ibada gani hii. Suruali ikafika magotini.

Sasa mrusha nyundo anahitaji miguu. Magoti yangu yalikuwa yamefungwa pamoja na jinzi ya kaka. Mguu wa kulia ukataka kuhama, ukakataliwa. Kidumu hakikuwa na habari hiyo, chenyewe kikaendelea. Nikakifuata kwa tumbo. Nadhani niliruka. Glavu ikateleza, mkanda ukachomoka, na nikiwa hewani nikaona kwa utulivu kabisa kidumu changu kikipaa, kizuri, kinang'aa juani, kinaelekea kwenye geti.

Mlio wake sitausahau. Kidumu kilipasuka. Mchanga wote, ile ndoo nzima ya mchanga wa baharini, ukamwagika kwenye rangi mbichi kuanzia juu hadi chini, na geti la Hajjat likageuka msasa.

Mimi niko chini kifudifudi, nusu ndani ya duara, nusu nje. Suruali vifundoni. Boksa ya mtumba, ya kijani, ina picha za mananasi. Mnaouliza kama mananasi ni ya kweli, ndiyo, mmeyaona. Kimya. Kwenye simu ya Onyango mtangazaji anaendelea kumsifu Mkanada.

Nikainua kichwa, nikakutana na viatu vya Hajjat. Na malezi ni malezi.

"Shikamoo, mama."

Akakaa kidogo. "Marahaba, mwanangu. Pandisha suruali."

Onyango, huyu mtu hana huruma, akatoka nyuma ya grili na kunyanyua mkono kama refa: faulo, kwa sababu ukitoka kwenye duara kwa mbele mtupo haukubaliki. Side akapima hata hivyo. Hazikufika mita saba.

Yaliyobaki ni mafupi. Bosi alirudi, akasema maneno ambayo hayaandikiki. Gharama ya rangi itakatwa kwangu. Dada wa miamala anadai kidumu chake, na mwavuli wake ulishapeperuka hadi kwa muuza mihogo. Jioni nzima nilikuwa nakwangua mchanga, na Faith alipochukua dhahabu yake kwa 3:52.15 nilisikia tu Onyango akipiga honi ya lori. Matokeo ya nyundo nayo nimeyasoma usiku kitandani nikiwa nimejipaka dawa ya misuli: Mjerumani Merlin Hummel wa pili kwa 82.77, Bence Halász wa Hungaria wa tatu kwa 82.69. Wajerumani fedha juzi, fedha jana. Nao wana ya kwao ya kulilia.

Side nimemwambia aifute. Kasema ataifuta ikifika watazamaji elfu moja.

Leo asubuhi Hajjat kapiga simu. Nilipokea nimesimama. Nikaanza kueleza kwamba geti linapakwa upya, Jumamosi atalikuta safi, hatalipa hata shilingi zaidi. Akanikatisha.

"Hilo najua. Yule kijana mliyekuwa mnamwiga, mwishowe alirusha ngapi?"

"Mita 84.70, mama."

"Na suruali yake ilibaki?"