Maziwa ya mtoto wa askari: msaada au mshahara?

Katika maduka ya vyakula yaliyo ndani ya kambi za jeshi la Marekani, kadi ya msaada wa chakula iitwayo WIC inapokelewa bila shida. Mke wa askari wa cheo cha chini anapanga vitu kaunta: maziwa, mayai, maharage, siagi ya karanga. Pakiti ikiwa na ujazo usio kwenye orodha, mashine inaikataa na keshia anaiweka kando. Nyuma yake kwenye foleni huenda amesimama mke wa mkubwa wa mumewe. Kambini watu wanajuana.

WIC ni mpango wa serikali kuu ulioanza kwa majaribio mwaka 1972. Unahudumia wajawazito, kina mama waliojifungua karibuni na watoto ambao hawajatimiza miaka 5, kwa sharti kwamba kipato cha familia kisizidi asilimia 185 ya kiwango rasmi cha umaskini. Kwamba askari nao wanauhitaji, Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi, haikatai: ripoti yake ya mwaka 2022 ilisema asilimia 24 ya askari walio kazini walikosa uhakika wa chakula wakati fulani mwaka 2020.

Wanaokerwa na hali hii hawataki watoto wanyimwe maziwa. Wanachouliza ni hiki: ikiwa mwajiri ni serikali na mtoa msaada ni serikali hiyohiyo, kwa nini isilipe mshahara unaotosha? Kadi inaficha ujira mdogo. Hoja yao imefika mbali, maana mwaka 2025 askari wa vyeo vya chini waliongezewa asilimia 14.5, na tangu 2023 ipo posho maalumu kwa familia zenye kipato kidogo.

Lakini mshahara wa jeshi hufuata cheo na miaka ya utumishi, hauangalii midomo inayolishwa. Kuruta kapera analala bwenini na kula mesi. Mwenzake wa cheo hichohicho ana mke na watoto wawili, na mke huyo kila baada ya miaka miwili mitatu anaacha kazi kwa sababu mume amehamishwa. Ukipandisha mshahara wa wote hadi umtoshe huyu, gharama yake si ndogo. Tena WIC si chakula tu. Mtoto anapimwa uzito na damu, na mama kijana aliye mbali na mama yake mzazi anapata mtu wa kumwelekeza namna ya kunyonyesha. Akihama jimbo, cheti chake kinapokelewa aendako bila kuanza upya.



Mimi naona ubishi wa aibu na heshima unatupotezea muda. Tatizo lenyewe liko kwenye posho ya nyumba, yaani fedha anazopewa askari za kulipia makazi. Sheria ya WIC inayaruhusu majimbo kutoihesabu posho hiyo kama kipato. Stempu za chakula, mpango mkubwa zaidi wa serikali wa kuwasaidia wenye kipato kidogo kununua chakula, zinaihesabu. Kwa hiyo familia moja, mwezi mmoja, inaambiwa dirisha hili kwamba ina shida na dirisha lile kwamba inajiweza, ilhali fedha yenyewe inapita tu mikononi mwao kuelekea kwa mwenye nyumba. Na usidhani hili linawahusu tu askari wanaopanga nje ya kambi: tangu sheria ya 1996, nyumba nyingi za kambini zinaendeshwa na kampuni binafsi, nazo huchukua posho hiyo kama kodi ya nyumba.

Hapo ndipo wakosoaji wa WIC wana hoja ninayoikubali. Mtoto akitimiza miaka 5 mpango unamwachia, na familia iliyokuwa ikijikimu kwa sababu ya mpango huo inaangukia kwenye kanuni za stempu, ambako posho ya nyumba inawafanya waonekane matajiri. Ongezeko la mshahara linasaidia, ila nalo linaweza kumsukuma mtu juu kidogo ya mstari wa kipato akapoteza zaidi ya alichopata.

Mapendekezo ya kuiondoa posho hiyo kwenye hesabu za stempu yamefikishwa Bungeni Washington zaidi ya mara moja. Yangegharimu pesa, na wapo raia maskini watakaouliza kwa nini fedha wanazolipia kodi ya nyumba zisiondolewe kwenye hesabu vilevile. Swali lao ni la haki, na sijasikia mtetezi wa askari akilijibu vizuri.